Mpasa Alikimbia

Mpwa wangu Dafroza,

Kuuliza hali yako siwezi, na hali yangu si ya kujivunia. Juu ya jicho la kushoto nimeshonwa nyuzi nne. Jino moja la mbele nimelitia kwenye kiberiti. Aliyenifanya hivi si jambazi wala si ng'ombe. Ni kitabu chako cha tano.

Kilitoka wiki tatu baada ya arobaini yako. Mkono wa ile mashine ya kurudufu ya parokia niliuzungusha mimi mwenyewe, siku mbili mfululizo, mpaka padre akauliza kama mishipani nina damu au dizeli. Nikamwambia, Baba, mchanganyiko. Nikavibana vitabu kwa pini, nikavipanga kwenye meza yangu ya mitumba sokoni, katikati ya makoti na suruali, nikangoja sifa.

Unawajua wasomaji wako. Wanafunzi wa sekondari, makondakta, wasichana wa mama ntilie wa Milanzi. Miaka mitatu walimfuata Wande, yule binti aliyezaliwa ndani ya tanuru ya chuma, akipigana na Watu wa Majivu. Walimwona anakatwa vidole viwili hakulia. Walimwona anamtoboa mfalme wa majivu macho yote mawili kwa mkuki wa moto, wakashangilia. Na kando yake siku zote yupo mjomba wake Mpasa, mfua chuma, mwongo, mwenye mikono mizito. Mji mzima ulijua Mpasa ni nani. Watoto wakiniita hivyo barabarani nilikuwa naitika, tena kwa sauti.

Basi siku ya kwanza, kabla ya saa sita mchana, jiwe la kwanza likatua mezani kwangu. Stendi wasichana wawili walipigana juu ya kurasa za mwisho, mmoja akamng'ata mwenzake sikio mpaka kola ikalowa damu. Kesho yake bwalo la sekondari likavurugika: sahani za bati zikaruka, vioo sita chini, mpishi akapasuliwa kichwa kwa mwiko wake mwenyewe. Nilisema sita? Vitatu. Mwalimu mkuu akapiga marufuku kitabu, jambo ambalo kwa biashara ni zuri, lakini jioni ile mtu alikuja akaichoma nakala yake mbele yangu, juu ya makoti, akasimama anaitazama ikiungua huku machozi yanamtoka. Alikuwa kondakta, mtu mzima mwenye ndevu.

Wote walikuwa na swali moja: kwa nini Wande amekufa?

Wewe unajua kwamba hukumuua. Nilimuua mimi.

Unakumbuka ile bahasha uliyonipa wodini, ukaniambia, "Mjomba, ya mwisho uisome ukiwa peke yako." Niliisoma uani, kidole chini ya kila mstari, maana darasa langu la nne halinipi mwendo. Nikafika langoni mwa Watu wa Majivu. Mpasa anatupa nyundo, anakimbilia miombo, na nyuma yake anasikia Wande anamwita. Anamwita mara mbili.

Mara mbili, Dafroza. Hilo nilidhani nalijua mimi tu.

Siku ile tulipotoka Kipili juu ya lori la dagaa, wewe na mfuko wako wa vitabu, mimi na gunia langu la samaki, migebuka, tukakuta gogo limelazwa barabarani, mji huu unajua habari nyingine, si ile ya kweli. Mji unajua nilipambana na majambazi saba waliokukata paja. Nilipofika nyumbani walikuwa saba. Kwenye msiba wako walifika kumi na mmoja, na mmoja nilimvunja shingo. Watu walikuja wodini wakanisifu mbele ya kitanda chako, paja lako limefungwa bandeji inayonuka, na wewe ulisema tu, "Mjomba ana mikono mizito," ukageukia ukuta. Wiki sita ulilala pale paja likioza, na hukunifichua. Nikadhani homa imekusahaulisha siku ile. Kumbe ulikuwa unaandika.

Nilizitia kurasa zako kumi na mbili kwenye jiko la mkaa. Zikaungua vizuri, karatasi ya daftari haichelewi. Nikaandika sita zangu, nikampelekea yule dada mpiga chapa wa Kizwite apige stensili za ile mashine. Ndani ya kurasa zangu Mpasa hakimbii. Anaua Watu wa Majivu mia tatu kwa nyundo moja, ubongo unaruka mpaka kwenye matawi, haki ya Mungu niliifurahia ile sehemu. Lakini nilipomaliza kuua, Wande alikuwa bado amelala chini na mguu uliokatwa, na sikujua nimfanye nini. Wewe ulimwandika Mpasa anarudi, anambeba mgongoni mpaka kwenye tanuru. Mpasa wangu hakuwa ameondoka, sasa atarudije? Nilikaa na kalamu asubuhi nzima. Mwisho nikaandika kwamba alikufa papo hapo bila maumivu. Mstari mmoja.

Jumamosi akaja yule kijana wa Kisukuma, mchunga ng'ombe wa bondeni, anayesoma vitabu vyako juu ya mgongo wa dume. Alikuwa ametembea siku mbili, amepanda ule ukingo wote wa Lyamba lya Mfipa. Akanipa shikamoo kwa adabu, akachukua kitabu, akakaa chini, akasoma mpaka mwisho bila kunywa maji. Akasimama. Akaniuliza, "Mzee, Wande kauawa na nani?" Nikamjibu ni mambo ya vita, hutaelewa. Fimbo ikaja. Nilimrukia kama chui. Basi, wewe sikudanganyi: nilianguka juu ya meza, meza ikaanguka juu yangu, na nyusi ikafunguka kama mfuko.

Nikiwa pale chini, damu inaingia jichoni, nikaona magongo mawili na mguu wenye plasta. Oliva. Yule msichana wa kidato cha pili aliyelala kitanda cha jirani yako. Mkononi ana daftari. Na hapo ndipo nilipojua kosa langu, kosa la mtu asiyezoea vitabu: nilidhani maneno yanakaa kwenye karatasi, ukiichoma yameisha. Kumbe kila jioni uliwasomea wodi nzima ulichoandika mchana, na Oliva alinakili. Ndiyo maana wasichana waling'atana stendi. Mmoja alikuwa na kitabu changu, mwenzake alikuwa na maneno yako.

Oliva aliniambia polepole, kama anayemfundisha mtoto, "Mzee, Mpasa aliporudi ndipo tulipolia. Hata nesi alilia. Wewe umemtoa."

Nikamwambia asome. Soko lilikuwa limeshajaa, kila mtu anataka kuona Mpasa aliyechapwa. Alisoma akiwa ameegemea gongo moja. Kijana wa ng'ombe bado ameshika fimbo. Oliva alipofika pale Wande anapoita mara ya pili, nikainua mkono nikamsimamisha. Sijui ni nini kilichonishika. Nimewahi kuwaambia watu nimelala na simba pango moja, wakaamini nusu. Hili sikulitia chumvi.

Nilisema, "Mpasa ni mimi. Gogo lile la njia ya Kipili, nilikimbia. Dafroza aliniita mara mbili."

Kandambili ya kwanza ilinipiga shavuni. Nyingine nilizisikia tu. Halafu watu wakapisha, na mama yako akapita katikati yao. Alikuwa kwenye maharage yake, mstari wa pili, alikuwa amesikia yote. Dada yangu huyo, aliyenipikia tangu msiba na kunisifu kwa kila mgeni kwamba kaka yake alimwaga damu kwa ajili ya mwanawe. Alinipiga ngumi ya mtu anayelima matuta tangu utotoni, jino likatoka, na mimi nikaona ni haki. Akanipiga ya pili. Akainua ya tatu, mkono ukabaki juu.

Akauliza, "Ulirudi?"

Nikasema nilirudi.

"Ulimbeba?"

Nikasema nilimbeba mpaka kijiji cha kwanza, damu yake ikishuka mpaka ndani ya viatu vyangu, na njiani alinisimulia jinsi kitabu cha tano kitakavyoisha.

Mama yako akaketi chini, pale pale kwenye makoti yaliyoungua. Akafungua kitenge, akakibana kwenye nyusi yangu kwa nguvu, bila huruma yoyote. Akamwambia Oliva, "Endelea." Na Oliva akaendelea mpaka Wande anapowasha tanuru, yu hai, mguu mmoja, mjomba wake anavukuta mivukuto na hakuna anayemsemesha. Yule kijana wa ng'ombe alijifunika uso kwa kofia.

Mama yako bado hanisemeshi. Chakula ananiwekea mlangoni.

Kurasa zako kumi na mbili zimepigwa upya kutoka daftari la Oliva, na mashine nimeizungusha tena, safari hii padre hakunitania. Kila aliye na kitabu nitang'oa za kwangu kwa mkono wangu nimpe zako. Sumbawanga nimemaliza. Alhamisi napanda lori la Kipili, maana wako kule uliowauzia cha nne, nao wanangoja cha tano. Tukifika pale penye gogo nitamwomba dereva asimame, nishuke, nichuchumae nikupigie makofi taratibu kama tunavyowaamkia wakubwa, ingawa wewe ni mdogo kwangu.

Na nakuahidi hili, mwanangu, utalisikia huko ulipo kila nitakapoulizwa, hata pombe ikiwa mbele yangu: hawakuwa saba, wala kumi na mmoja. Walikuwa wawili. Mmoja ana panga, mwenzake ana rungu tu, tena ni mtu mfupi.

Lala, Dafroza.

Mjomba wako,
Mpasa