Nusu ya Kidonge

Alhamisi. Tangu asubuhi upepo wa ziwa unapiga mabati ya hapa kwangu Kiriba, na kifua changu kinajibu.

Mimi shule sikuiona. Nasema, mjukuu wangu Nyangeta anaandika humu kwenye blogu yake, na nimemkataza kupamba.

Wiki iliyopita nilikuwa Mwanza, hospitali kubwa. Magoti yangu hayawezi kukimbia kwenye mashine yao ya kupimia moyo, basi wakanilaza, wakanichoma dawa ya kuukimbiza moyo, kisha wakaupiga picha. Nilidhani nakufa. Daktari, mtoto mzuri tu, akasema kuna upande wa moyo haupati damu ya kutosha. Nirudi mwezi ujao waangalie mishipa. Kwa sasa ninywe maji mengi ile dawa ya picha itoke, nisibebe ndoo, na vidonge vya moyo walivyonisimamishia kabla ya kipimo nivirudie. Kila siku, kizima, bila kukosa.

Maji nimekunywa. Ndoo sijabeba.

Kidonge kizima sijameza hata siku moja.

Mdogo wangu Nyanjura amekuja kutoka Guta kuniuguza. Ananipikia, ananiogesha, ananitukana nikiinuka. Lakini akipanda kutoka ziwani na maji namuona anasimama njiani, mkono kifuani, anajifanya anatazama ndege. Zahanati ya kwao dawa imeisha. Basi kila kidonge nakikata kwa wembe, nusu yangu, nusu yake. Nimemdanganya kwamba Mwanza wamenipa mpaka za kumwaga, na kwamba dozi yenyewe ni nusu.

Ndivyo tulivyokuwaga. Miaka ile ya shida, chumvi ya foleni, sabuni ya majani ya mpapai, klorokwini ya malaria ikipatikana tulikuwaga tunaikata. Kumeza kizima peke yako ulikuwa uchoyo. Baadaye biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa mitumba na sabuni za rangi, lakini dawa ikawa ya mwenye pesa, na wembe ukaendelea na kazi yake. Wanangu walipona kwa nusu.

Mmoja hakupona.

Sasa nusu yangu hainitoshi. Leo kutoka jikoni hadi kitandani nimeshika ukuta kama mlevi, jasho linanitoka na baridi humo humo. Watu wanasema mzee haogopi kifo. Waongo. Mimi naogopa. Sitaki kufa, na sitaki kupona nikamzika Nyanjura. Nimegeuza hayo mawili mpaka kichwa kinauma, sioni pa kutokea.

Mchana Nyanjura akaokota wembe juu ya kigoda. Una unga mweupe. Akautazama, akanitazama.

"Dada, kumbe we mchawi?"

"Kula dawa yako, nyamaza."

"Wiki nzima unanilisha moyo wako halafu ninyamaze! Ukifa nitagombana na nani? Na mume wangu yule kiziwi?"

Akaenda akautupa wembe chooni. Akarudi na kikombe cha maji, akanisimamia kama askari mpaka nikameza kizima. Kilipita kooni kama jiwe. Nikahisi nimemwibia mtoto chakula.

Yeye hakumeza hata nusu. Nimemwomba, nimemtukana, nimelia. Amekataa.

Nyangeta amesema kesho atampeleka Nyanjura Bunda apimwe mwenyewe, apate dawa za jina lake. Nimekubali. Nilipaswa kusema hivyo tangu alipofika, badala ya kushika wembe. Lakini mimi nikiona mtu anaumwa, mkono wangu unajua kukata tu.

Kesho iko mbali sana leo.

Nimelala kama nilivyoagizwa. Kifua bado kinabana. Nyanjura yuko uani anasugua sufuria, nami nasikiliza. Zikinyamaza, roho inanitoka: amepumzika, au ameanguka? Zikilia tena, napumua.

Zimenyamaza.

Nyangeta, acha kuandika. Nenda kamwangalie.