Figo ya Dada na Mkono Unaocheza

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na tisa tangu dada, mdogo wangu, anikatie figo yake. Inapiga kazi kama punda! Daktari kasema hajaona figo iliyochangamka hivi — haya, hakusema, lakini uso wake ulisema. Vidonge vya kuuzuia mwili usiitimue figo nameza saa mbili kamili, asubuhi na usiku. Saa ya ukutani hunitazama mimi kwanza ndipo isogee.

Jumatano, 5 Machi
Mkono unatetemeka. Mimi! Mchora mabango niliyevuta mstari mmoja kupita maduka saba bila rula, bila kupumua! Leo herufi O imetoka kiazi. Mpwa wangu kauliza, Mjomba, hii O imelewa? Nikamwambia ndiyo fasheni, wateja wanaipigania.

Ijumaa, 7 Machi
Pazia la chumbani lina picha za bata. Leo wameshuka. Polepole, mstari mmoja, wakapita juu ya kabati kana kwamba ni maji. Ukuta ukawa unapumua. Sikuogopa — utamu tu, kama kuelea. Ila kisogo kinagonga.
Nikamsimulia dada. Akacheka mpaka akashika mshono wake ubavuni. Wewe kaka! Si wewe uliyesimamisha treni kwa mluzi?
Nilisimamisha! Lakini bata hawa ni wa kweli.

Jumatatu, 10 Machi
Kliniki. Daktari kauliza: kichwa je? Mikono? Unaona vitu? Mikono nikaikalia. Nikasema mimi chuma, daktari.
Maana jirani yangu wa wodini alikiri kwamba anaona vitu. Wakasema dawa imempanda kichwani, wakaipunguza, figo ikagoma. Ya mdogo wangu igome? Yeye kabakiwa na moja tu, na hiyo ni yake.

Jumanne, 11 Machi
Asubuhi. Nusu ya chumba haipo. Kushoto kote ni weupe, laini, kimya. Mistari hii inateleza humo, naifuata kwa kidole.
Nimemwambia dada sioni kushoto. Akacheka: haya, leo wamekuja nani huko, twiga?
Nikasema hakuna aliyekuja. Hakuna kitu.
Akaichukua simu. Hajawahi kusikia hadithi yangu isiyo na kitu ndani.
Sasa amempigia daktari. Daktari anauliza ilianza lini. Dada anasema, sema kweli, kaka. Figo nilitoa mimi, ikigoma nitaililia mwenyewe. Shika simu. Sauti yake inatoka kushoto.
Nimenyoosha mkono. Unacheza. Simu siioni —