Nimefuta Kanda ya Mkwe Wangu, na Lawama Anabeba Rafiki Yake

Mpendwa Bi. Demetria,

Shikamoo. Mie ni msomaji wako wa hapa Tandika, na naomba msaada wako kabla ya tarehe ishirini Desemba, maana siku hiyo anafika mgeni nyumbani kwetu kutoka Kanada, na akinikuta bado sijajua la kufanya sijui uso wangu nitauficha wapi. Majina nimeyabadili, ila mambo yenyewe ndiyo haya.

Nina miaka ishirini na sita. Mume wangu Hija ni dereva wa lori la Zambia, kwa hiyo siku nyingi nabaki nyumbani na baba yake, Mzee Mbwana, fundi simu mstaafu ambaye mkewe alishafariki, na huyu mzee kuna kitu kimoja anakipenda kupita vyote, nacho ni kukusanya muziki wa bendi ya Msimbazi Rockets. Labda wewe unawakumbuka, wale vijana walioanza mwaka sitini na tatu, wengine Waswahili wa Kariakoo, wengine Wahindi wa Upanga, magitaa matatu ya umeme na dramu basi, bila mwimbaji hata mmoja, na kila mwaka watu wakiwaambia tafuteni mwimbaji wao wanakataa, wakaenda hivyo hivyo miaka ishirini na sita. Baba anazo santuri zao zote saba, anazo kanda alizorekodi mwenyewe kwenye harusi na madansi, nyingine unasikia glasi zinagongana na watu wanaitana, lakini gitaa liko pale pale. Vyote viko kwenye kabati lenye kufuli, na ufunguo tulikuwa nao wawili tu, yeye na mie, kwa sababu macho yake yameingia ukungu na mie ndiye niliyekuwa namwandikia juu ya makasha jina la wimbo, mwaka, ukumbi na nani alipiga solo. Mwanzoni niliona ni makelele tu, lakini baada ya miaka mitatu ya kukaa naye, gitaa la marehemu Zaheer nalijua hata likilia nyumba ya tatu.

Huyo Zaheer ndiye alikuwa mpiga solo wao. Mwaka themanini na tisa aliugua, binti yake Sarrah akaja kumchukua ampeleke Kanada kwenye matibabu, na siku mbili kabla ya safari aliwaita nyumbani kwake Baba na Mzee Didas, aliyekuwa mpiga besi wa bendi, wakakaa sebuleni alasiri nzima Zaheer na Didas wakipiga na Baba akirekodi. Zaheer hakurudi tena, alifia huko. Kanda hiyo ilikuwa moja tu duniani, na Baba hakutaka inakiliwe, kwa sababu zamani aliwahi kumwazima mtu kanda nyingine, akaja kuikuta inauzwa Manzese kwa jina la bendi ya watu wengine. Hata mie hakuniruhusu kuiandika, alikwaruza mwenyewe herufi Z kwa msumari, na hilo la Z mie sikulijua mpaka baadaye.

Sasa Bi. Demetria, mwezi wa nane Baba alimwazima Mzee Didas kanda hiyo kwa wiki moja, baada ya kumwahidisha kwamba hatainakili. Mzee Didas akairudisha siku ya Ijumaa, Baba yuko msikitini, mie niko bombani nachota maji, mlango uko wazi, kabati limefungwa, basi akaiweka juu ya kabati akaondoka. Jumapili yake ilikuwa harusi ya mdogo wangu Tunu, ambaye tulikuwa tunakaa naye hapa, na mama yetu yuko Lindi amevunjika nyonga hawezi kusafiri, akaagiza nimrekodie harusi yote asikie sauti ya mwanawe na nyimbo za kina mama, na mie katika pilikapilika nikasahau kununua kanda. Nikaiona ile juu ya kabati, haina jina, ina Z, na Hija huandikaga Z kwenye kanda zake za safari za Zambia, nikasema hii ni yake. Vile vidude vya mgongoni mwa kanda vilikuwa vimevunjwa, nikakunja karatasi ya biskuti nikaziba matundu, nikabonyeza. Nilirekodi pande zote mbili. Jumanne kuna mtu alikuwa anakwenda Lindi, nikampa.

Wiki ya pili Baba akamuuliza Mzee Didas habari ya kanda. Mie nilikuwa nawamiminia kahawa. Mzee Didas akasema aliirudisha, akataja siku, akataja kabati. Baba akapapasa juu ya kabati kwa mikono miwili, kisha akageuka.

"Didas, tangu tufahamiane sijawahi kukuuliza kitu mara mbili. Leo nakuuliza mara ya pili."

"Na mimi nakujibu mara ya pili, Mbwana. Niliiweka hapo."

Hapo ndipo Baba alipoeleza ile Z ya msumari na mie nikaelewa nilichofanya. Nilipaswa kusema saa ile ile, kikombe kiko mkononi, lakini mdomo haukufunguka. Nikajiambia nitasema akishaondoka Mzee Didas. Nikajiambia nitasema kesho. Nikampelekea ujumbe kaka yangu Lindi aisikilize kanda mwanzo mpaka mwisho kama kuna chochote kilichobaki, akanijibu ni harusi tupu.

Mzee Didas alikuwa anatoka Mwananyamala kila Jumamosi kuja kusikiliza santuri, na tangu siku ile hajakanyaga hapa. Baba barazani anawaambia watu kwamba Didas ameiuza kanda kwa wale wanaonakili. Mwezi uliopita nilikutana na mkewe, Mama Filomena, sokoni, akanishika mkono akaniambia mumewe ametia gitaa lake kwenye gunia akalifunga kwa kamba, hataki hata mtu aliguse, na mie nikamwambia pole, mama, basi, nikaondoka na nyanya zangu.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Sarrah ameandika kwamba anakuja tarehe ishirini kusikia kanda ya baba yake. Baba kwa kuwa haoni vizuri akaniambia niandike majibu, yeye anasema mie naandika, na katika maneno aliyosema kuna haya: "Didas ametuibia baba yako." Nimeyaandika, Bi. Demetria, kwa mkono wangu huu. Akatia sahihi. Barua ninayo chini ya godoro, sijaipeleka posta, na kila asubuhi Baba ananiuliza kama imekwenda na mie namjibu ndiyo.

Nimewaza kuiagiza kanda irudi kutoka Lindi niikatekate niitupe nyuma ya kabati ionekane panya waliivuta. Nimewaza nimwachie Hija aseme yeye akirudi. Baba ana presha, naogopa nikisema aanguke, na naogopa Hija ataniacha. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mkwe Mwenye Hofu, Tandika


JIBU

Mwanangu wa Tandika,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikasimama nikanywa maji, kisha nikaisoma tena. Pole. Nakusemesha kwa ukali kwa sababu siku ulizobakiwa nazo ni chache.

Kwanza jambo la karatasi ya biskuti. Umelipitia haraka kana kwamba halina uzito. Hata mtoto wa shule anajua kwamba kanda iliyovunjwa vidude vyake, mwenyewe hataki irekodiwe. Ungesikiliza hata dakika moja, ungelitambua hilo gitaa unalosema unalijua hata likilia nyumba ya tatu. Hukusikiliza kwa sababu ulikuwa na haraka. Kosa hilo ni lako, lakini ni kosa la binadamu, na ulilifanya kwa ajili ya mama mgonjwa. Hilo nakusamehe mimi nisiye na haki ya kukusamehe.

Ila miezi mitatu ya kunyamaza si haraka. Kila Jumamosi ambayo Didas hakuja, wewe ndiye uliyemzuia mlangoni. Mzee yule ameitwa mwizi wa muziki alioupiga mwenyewe. Mkewe akakushika mkono, ukampa pole ya bure.

Na usijifiche nyuma ya presha ya mkweo. Umeshinda ukimwangalia akimchukia rafiki yake wa maisha, hukuuliza hiyo inampandisha presha kiasi gani.

Sasa sikiliza. Kanda isikatwe. Panya hawana hatia, usianze kuwasingizia na wao. Mwambie kaka yako aitoe redioni, aifunge vizuri, airudishe kwa mtu anayeaminika, hata kama ni harusi tupu, maana mwenye kanda ana haki ya kuishika mkononi.

Usimsubiri Hija. Akirudi atakutetea au atakufokea, na kwa vyovyote habari itakuwa ya Hija. Hii ni yako.

Kesho asubuhi, mzee akishakunywa chai na dawa zake, kaa chini mbele yake. Usianze na kulia. Usianze na samahani ndefu wala habari za nyonga ya mama. Anza hivi: "Baba, kanda ya Zaheer niliifuta mie. Mzee Didas aliirudisha." Ukishayasema hayo mawili, nyamaza. Akifoka, mwache afoke. Kisha toa barua iliyo chini ya godoro umpe mkononi, umwambie na hilo la kumdanganya kila asubuhi. Ufunguo wa kabati uweke mbele yake kabla hajauomba.

Baada ya hapo nenda Mwananyamala. Usimtume mtu. Yaseme maneno yale yale mbele ya Didas na mkewe wakiwa pamoja, kwa sababu aibu waliibeba wote wawili. Wale wa barazani nao wasikie, lakini hiyo ni kazi ya mkweo, na ukimfahamu kama ulivyoeleza, ataifanya.

Sarrah mwandikie wewe, kwa jina lako.

Unauliza kama utaachwa. Sijui, na asiyemjua mumeo akikuambia anajua, usimsikilize. Ninachokijua ni kwamba mgeni akifika na jina la Didas bado liko chini ya godoro lako, hapatakuwa tena na mtu wa kukutetea, hata mimi. Kesho, mwanangu. Usingoje Jumamosi.

Bi. Demetria


BARUA YA PILI
(Imetufikia Januari. Mwandishi ametaka wasomaji nao waisome.)

Mpendwa Bi. Demetria,

Gazeti nilinunua asubuhi, nikasema siku iliyofuata. Nilisema yale maneno mawili kama ulivyoyaandika. Baba hakufoka. Aliuliza tu, "Pande zote mbili?" Nikasema zote. Barua akaipokea, akaikunja ndogo kabisa, akaitia mfukoni, kisha akaomba fimbo na koti, akaniambia tunakwenda Mwananyamala sasa hivi.

Mzee Didas alikuwa ukumbini kwake anakarabati kiti. Nikasema mbele yake na Mama Filomena. Mama Filomena aliinuka akaingia ndani, na nilidhani ameondoka asije akanitukana. Baba akasema, "Didas, nimekuita mwizi mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao nitajirudi." Mzee Didas akaweka kile kiti chini. Halafu akasema, "Ngoja kwanza kabla hujajirudi."

Bi. Demetria, alikuwa amenakili. Alimwahidi Baba na bado akanakili, kwa sababu, alisema, kanda inazeeka kama sisi, na Zaheer hana nyingine. Alipoitwa mwizi aliona akiitoa ile nakala, Baba atasema si unaona, ndiyo kazi yako. Akanyamaza kama mie nilivyonyamaza. Mama Filomena kumbe alikwenda kuileta, akaiweka juu ya magoti ya Baba. Ni upande mmoja tu. Alipofika kunakili upande wa pili umeme ulikatika, ule wakati wa mgao, na wiki ikaisha haujarudi vizuri.

Baba alikasirika tena upya, safari hii kwa Mzee Didas, wakagombana mpaka Mama Filomena akaleta chai. Walikuwa wanagombana kuhusu ahadi, lakini kanda Baba hakuiachia mkononi. Tulipoondoka jua limeshainama, na Mzee Didas akatusindikiza hadi kituoni.

Hija alirudi, nikamweleza, akakaa siku nne bila kula chakula changu. Siku ya tano akala. Kuachwa sijaachwa. Kile ulichoniambia nimwandikie Sarrah nilikiandika, na alikuja hivyo hivyo, na mume na watoto wawili wasiojua Kiswahili. Baba alikuwa ameshawaita wale wa barazani, akasimama akawaeleza kwamba Didas hana kosa na kwamba yeye Mbwana ndiye aliyesema ya uongo. Jina langu hakulitaja. Mie nilikuwa mlangoni, sikuthubutu kuingia.

Kanda ilipoanza, sauti ya kwanza si gitaa, ni Zaheer anakohoa, anamwambia mtu afunge dirisha. Sarrah akaziba mdomo kwa mtandio. Mzee Didas akawa anatikisa mguu, vidole vyake vinatembea juu ya goti. Baba aligeuza uso upande wa mlangoni, ingawa najua kwa umbali ule haoni kitu, akapiga kwa kiganja nafasi iliyokuwa wazi kwenye mkeka pembeni yake.

Nikaenda, nikakaa.

Mkwe, Tandika