Nafasi ya Violeth

Katesh,
Jumatatu

Mdogo wangu Evarist,

Shikamoo zako zote ulizonitumia kwenye simu nimeziona, na leo nazipokea kwa mkupuo mmoja: marahaba, marahaba sana. Habari za huko Mbulu? Baridi imepungua? Goti la mama linaendeleaje, na vitunguu saumu mmeshauza au bado mnasubiri bei ipande kama kila mwaka? Mimi mwili hauna shida. Nakula, nalala, na yale mafua niliyosema yamenizuia kuja kwenye sherehe yako yamekwisha. Kusema kweli hayakuwepo. Ndiyo maana nakuandikia.

Najua utacheka, nani siku hizi anaandika barua. Lakini ningepiga simu ungenikatisha katikati, nakujua wewe, na mimi ningeanza kulia tusielewane. Nitampa dereva wa basi la kesho, uende ukaichukue stendi. Isome ukiwa peke yako kabla hujamwonyesha mama. Tena isome mpaka mwisho, usiruke kama unavyorukaga.

Kazi yangu umeijua kwa kunisikia nikiilalamikia. Kwenye ikama, yaani ile idadi ya watumishi tunaotakiwa kuwa nao, maktaba yetu ina watu watano. Wanaoonekana kwa macho ni mimi na mlinzi. Mimi ni kaimu mkutubi, kaimu mtunza stoo, kaimu mhudumu, na choo kikiziba mimi ndiye kaimu fundi bomba. Saumu wa maktaba ya Dongobesh hali yake ni hiyohiyo. Mama yake anaumwa Singida, lakini likizo hapewi kwa sababu akitoka yeye mlango unafungwa. Ndiyo tukaanzisha tawi la chama cha wafanyakazi. Nicodemo Margwe wa huko Mbulu akawa mwenyekiti, mimi wakanifanya katibu kwa sababu, walisema, nina mdomo. Tukakatwa ada kila mwezi, tukagawiwa fulana za Mei Mosi zinazopauka ukizifua mara moja, na kila mwaka tukaandika kwa wakubwa: tupeni watu. Kila mwaka wakajibu kwamba maombi yetu yanafanyiwa kazi. Yanafanyiwa kazi na nani, jamani, wakati watu wenyewe hakuna?

Violeth Bura unamkumbuka. Ni yule dada mrefu aliyekuita mheshimiwa siku uliponiletea magunia, ukaona aibu mpaka ukasahau kofia yako. Enzi zake tulikuwa wawili hapa, na kazi ilikuwa inacheka. Alikuwa amepanga chumba Jorodom, chini ya mlima. Ile Jumamosi mvua haikukatika tangu asubuhi, tukafunga pamoja, nikamsindikiza mpaka mlangoni kwake kwa kuwa mwenye mwavuli nilikuwa mimi. Nikamwambia aje alale kwangu, akanicheka, akasema yeye na kunguni wangu walishaachana. Akaingia ndani, nikamsikia akifunga komeo, nikaondoka. Alfajiri mlima ukaporomoka, ukashuka na tope na mawe. Nyumba ile ilikwenda yote. Mwenye nyumba na familia yake walipatikana, tukawazika. Violeth hakupatikana mpaka leo.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Mwili haupo, kwa hiyo cheti cha kifo hakuna, tukaambiwa sheria inataka miaka ipite kwanza. Sisi tulizidi kulia kuomba mtu, nao makao makuu ya maktaba wakatujibu kwamba nafasi haiko wazi, ina mtumishi, isipokuwa haripoti kazini. Wakatafuta njia ya kuifungua, na waliipata. Walimwandikia Violeth ajieleze kwa nini hayupo kazini. Naapa, Evarist! Barua yenyewe ililetwa kwangu ili nimkabidhi mhusika. Hakujieleza, basi wakamfukuza kwa utoro, na mimi, kaimu wa kila kitu, nikaagizwa kubandika tangazo ubaoni liwe fundisho kwa wengine. Wengine gani? Tulibaki mimi na mlinzi, na mlinzi hajui kusoma.

Nililibandika. Wanafunzi wakawa wanalisoma wakiingia, wale wale aliokuwa akiwatafutia vitabu vya mitihani. Haikupita wiki mjini wakaanza kusema kumbe yule dada hakufa, ameonekana Babati na dereva wa lori, amepata mwanya akakimbia madeni. Nililikuta neno hilo mpaka sokoni kwa muuza nyanya. Hasira ilinipanda, nikakaa nikaandika rufaa kwa jina la chama, nikisema mtumishi huyu hakutoroka, alikuwa ndani ya nyumba, na shahidi ni mimi. Nicodemo akatia sahihi bila kusoma. Tukapeleka, pakawa kimya zaidi ya mwaka.

Tangazo la nafasi moja ya Katesh lilipotoka, mimi ndiye niliyekutumia. Nilidhani ni nafasi mpya, kwamba kelele zetu hatimaye zimesikika. Nikakuwaza wewe na stashahada yako ya ukutubi, tangu umalize chuo unaendesha bodaboda ya mtu mwingine kwa hesabu ya jioni, mama anakuficha wageni wakija. Ukaenda kwenye usaili, ukapata, ukanipigia simu ukipiga kelele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Nilifurahi, mdogo wangu, Mungu ananiona. Siku mbili kabla hamjachinja kondoo wa sherehe yako, Nicodemo akanipigia kunipongeza kwamba ile nafasi ya Violeth imepata mtu, tena mtu wa nyumbani. Nilikaa chini palepale kati ya makabati.

Ndiyo mafua yangu hayo.

Na kama vile kuna mtu anatufanyia makusudi, wiki iliyofuata rufaa ikaitwa Babati. Meneja wetu wa kanda alikuja mwenyewe, akaagiza chai na maandazi, akanisemesha kwa upole kabisa. Akasema yeye hanizuii kitu. Ila shahidi asipotokea, rufaa inajifia yenyewe, hakuna aliyesema uongo na hakuna aliyeumia, na mdogo wangu ataripoti tarehe moja. Akaniuliza kama umeshapata chumba. Nikamjibu kwamba unatafuta.

Nikakimbilia chama. Si ndiyo kazi yake? Nicodemo akaitisha kikao Mbulu, nikatoa hoja yangu, nikasema leo wamemfukuza marehemu, kesho ni nani. Akanijibu mbele ya wote kwamba tumeomba mtu miaka yote hii, tumepewa mmoja, na katibu wa chama ndiye anayetaka kumrudisha. Akasema wanachama ni walio hai. Watu wakapiga makofi. Hilo ningelivumilia, lakini Saumu alinifuata nje analia. Alisema wewe, Evarist, ukishaanza hapa Katesh, mimi nitaweza kwenda kumshikia Dongobesh ili aende kumwona mama yake. Akaniambia kwamba anampenda Violeth, lakini Violeth hachoki tena, yeye amechoka. Kwani amesema uongo?

Nikabaki na mtu mmoja niliyeamini atakuwa upande wangu, mama yake Violeth. Nikapanda pikipiki mpaka Gehandu. Nilitegemea kumkuta mama aliyevunjika kwa mwanawe kuitwa mtoro. Nilimkuta anacheka, Evarist. Amepaka nyumba rangi. Akaniwekea ugali na maziwa mgando, akanieleza kwamba tangu barua ya kufukuzwa ilipofika amepata usingizi. Serikali ina macho, alisema, haiwezi kumfukuza mtu aliyekufa. Kama wameandika ametoroka, basi yuko mahali, labda aliogopa mlima, labda ni huyo mwanaume wa lori, atarudi akitulia. Msiba hajauweka na hataki kuusikia. Mbuzi wa Violeth anao, wamezaa. Wakati wa kuniaga alinishika mkono akasema amesikia nimeitwa Babati, na ananiomba kama mtoto wake nisiende kumsema mwanawe vibaya. Vibaya maana yake kusema amekufa. Nilimwitikia ndiyo mama, nikapanda pikipiki.

Basi, ukiangalia, kila mtu aliniambia ninyamaze. Meneja, chama, rafiki yangu, mama mzazi. Na wewe pia ungeniambia hivyo ningekuuliza, ndiyo maana sikukuuliza. Kunyamaza kwenyewe kusingekuwa na kazi yoyote, ningebaki hapa nipange magazeti.

Nilikwenda, Evarist. Nilipanda basi la asubuhi nikaenda Babati, nikakaa mbele ya kamati, nikasema yote: mvua, mwavuli, mlango, komeo. Mwenyekiti wao akaniuliza kama naelewa kwamba wakinikubalia nafasi ile itakuwa na mwenyewe, na aliyeajiriwa juzi itabidi aondolewe. Nikasema naelewa. Akaniuliza kama namfahamu. Nikasema namfahamu, ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Akaacha kuandika akanitazama, kisha akaniuliza tena kama nina hakika na ushahidi wangu. Nikasema ninayo.

Uamuzi umetoka Ijumaa. Violeth hakutoroka, kufukuzwa kwake kumetenguliwa. Kuhusu kifo wamesema hawana mamlaka, cheti hakuna. Kwa hiyo amerejeshwa kazini. Atahesabiwa mtumishi wa Katesh mpaka miaka ya sheria itimie, na ajira yako imefutwa. Barua yako ipo njiani, nimetaka uisikie kwangu kwanza. Usimlaumu mtu wa makao makuu wala usiende kwa mganga kutafuta aliyekuroga. Ni mimi, dada yako, na nilijua ninachokifanya.

Utaniuliza nimepata nini. Sijapata kitu. Tangazo nimelibandua, nimelichana, hapo tu ndipo nilipopata raha, nayo ilikuwa ya dakika chache. Nicodemo amenivua ukatibu. Saumu hapokei simu zangu. Ukimtoa mlinzi, maktaba ina watu wawili kwenye karatasi na mmoja kwenye sakafu, kama kabla ya yote haya. Wewe utarudi kwenye bodaboda, na mama atalazimika kuwaeleza majirani walikula kondoo wa nini. Lakini mimi nilimsikia yule mtoto akifunga mlango wake, na nisingeweza kukukaribisha ukae mahali pake huku ubaoni anaitwa mtoro. Ningekuchukia, Evarist. Ungekaa pale bila kosa lolote, nami ningekuchukia kila siku mpaka nistaafu.

Nilidhani barua itaishia hapo. Nimeianza asubuhi kabla wasomaji hawajaingia. Lakini saa tatu hivi mama yake Violeth ameingia, kitenge kipya, amebeba dumu la maziwa, vumbi la Gehandu lote miguuni. Nakala ya uamuzi ilimfikia jana, mjukuu wake akamsomea, na imeandikwa kama nilivyokuandikia: Violeth Bura amerejeshwa kazini. Ameniambia amekuja kwa kuwa leo ni Jumatatu, siku ya kuanza. Amenikumbatia, amenishukuru mimi kwa kumrudishia mwanawe, akalia kwa furaha mpaka wanafunzi wakageuka. Kisha ameniuliza Violeth anakaa meza ipi. Nimemwonyesha. Amevuta kiti akakaa pembeni ya meza, maziwa ameyaweka juu, na kila mlango ukifunguliwa anainuka.

Nimempa chai. Nimemwambia asubiri kidogo nimalize kuandika. Nimeiandika barua hii polepole kuliko inavyostahili, na sasa imekwisha, na humu ndani hakuna mtu mwingine wa kwenda kumwambia.

Mpe mama shikamoo yangu, umwambie mwenyewe utakavyoona inafaa. Wasalimie wote waliokuja kwenye sherehe. Usipotaka kunijibu sitakulazimisha, ila usije ukasema sikukupenda.

Ni mimi dada yako,
Fransiska Akonaay