Nguzo Nne za Ghorofa ya Tisa

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Naandika kwa kuwa kwenye simu husikii, unaitikia tu “ndiyo, ndiyo.”

Nimepata chumba katika jengo lile refu ulilojenga! Chini maduka na saluni ninakosuka, juu yake chekechea, kisha ofisi, halafu sisi wapangaji, ghorofa ya tisa. Siku nzima napanda na kushuka, situlii. Njoo ulione.

Binti yako

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanalalamika kama kawaida. Tafuta chumba kwingine. Usiniulize maswali.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Nauliza. Kila harusi unajisifu kwa jengo hili, leo unaniambia nihame? Mlango wangu haufungiki, nausukuma kwa bega. Mwenye jengo anasema mbao zimevimba. Ni mbao, baba?

Binti yako

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo kidogo. Nimechana barua tatu kabla ya hii.

Si mbao. Siku ya kumwaga nguzo za ghorofa ya tisa winchi iliharibika, zege likakaa chini hadi likaanza kushika. Msimamizi akasema tuongeze maji, tupandishe. Zege likishaanza kushika haliongezwi maji, linakosa nguvu, hata kibarua wa siku ya kwanza anajua. Mpira wa maji nilishika mimi. Nguzo nne. Nikanyamaza nisifukuzwe kazi. Naona aibu. Hama leo.

Baba yako

13 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimelia, nikakasirika, sasa hata kukaa siwezi. Nilifungasha, nikashuka kwa ngazi, nikapita chekechea wakiimba. Nikarudi juu na sanduku langu.

Mwenye jengo ameniuliza msusi amejulia wapi zege. Nimemwendea mhandisi wa jiji, atakuja Alhamisi ya wiki ijayo, ila anataka kusikia kwa mtu aliyekuwepo. Mficha maradhi kifo humuumbua, ulinifundisha mwenyewe. Sihami mpaka uje useme.

Binti yako

Alhamisi, 23 Aprili

Mwanangu,

Nimefika saluni, wanasema umetoka kununua mafuta ya nywele. Nakuachia karatasi hii kwa mwenzako.

Nimepanda na mhandisi, nikamwonyesha nguzo moja moja. Ameandika jina langu, anasema huenda nikashtakiwa. Chekechea wanatolewa sasa hivi, nawaona wameshikana mikono barabarani.

Nimesema. Sasa hama, mama.

Baba yako