Kuti la Katikati

Nefta, Tunisia
9 Juni 2022

Mpendwa Kaka Lazhari,

Salamu nyingi zikufikie huko Marsei. U hali gani, na kile kifua chako? Wifi Habiba na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila Mama ana jambo, nami sipendi jambo ninalofichwa.

Tangu Ramadhani mazungumzo yake ni miti tu. Kila tukinywa chai ananikumbusha kwamba chipukizi lisipotengwa na mtende mama, lenyewe halizai na mama naye hudhoofu. Nina miaka thelathini na minane chini ya paa lake. Najua chipukizi ni nani. Najua pia kwamba Munsif, yule mwalimu wa Gafsa aliyefiwa na mkewe, ameniposa na anangoja jibu. Mwanamume mpole kupita kiasi hunitia wasiwasi. Nimemtuma Dalila, binti wa shangazi, amchunguze kwa majirani.

Mwezi Machi Mama alikata chipukizi kwenye mtende wa marehemu Baba, akanipa nilipande mwenyewe mwisho wa shamba. Nililifunga makuti, nikalimwagilia. Likakauka nje, kama yanavyokauka yote mwanzoni. Unajua kanuni yetu: kuti la katikati haliguswi, mizizi inajitafutia njia. Lakini nani atanihakikishia? Kila asubuhi nililivuta kidogo tu, nione kama limeshika. Jumatatu likaning'okea mkononi, limeoza chini.

"Limekufa kwa kiu?" Mama akauliza nyuma yangu.

"Labda ulinipa bovu."

"We mwana we! Zima kabisa nilikupa. Umelipekua mpaka likafa. Na huyo Munsif wa watu, unamvutavuta mpaka lini?"

Nilinuna kutwa, hata chakula sikugusa. Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli.

Jana Dalila akapiga simu: habari za Munsif amezipata, tena nyingi. Nikamwambia abaki nazo, kisha nikampigia Munsif mwenyewe, aje Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu na wazee wake. Sijui nimefanya nini. Naogopa, kaka, na nina furaha. Njoo.

Nisalimie Wifi, Yasin na Rim. Mama anakuombea, na Shangazi Zohra pia. Mungu akulinde ugenini.

Ni mimi dadako nikupendaye,
Mabruka