Senene Ambazo Mama Hakuziuza

Jumamosi, Novemba. Mvua tangu alfajiri, Igoma yote hapa Mwanza ni matope.

Naapa kuandika yote leo, hata yale ambayo Mama angependa niyaache. Nitaandika kwamba nimemng'ata mtu mzima mkono mpaka nikaonja damu yake. Nitaandika pia nilichokitamani baadaye, ambacho sikuthubutu kukitaja kwenye sala. Nikingoja kesho, mikono ikiwa imetulia, najijua: nitaanza kupamba.

Kwa wasiotujua, Mama anauza senene, wale panzi wa kuliwa. Baba yuko Bukoba msimu wote, anazikusanya na kutuletea kwa meli, na sisi tunazinyonyoa mabawa na miguu, tunazikaanga na kuzifunga kwenye makopo. Kibanda chetu kiko barabarani, lakini wateja wengi hawajawahi kukiona. Wanatujua kwa ukurasa wetu mtandaoni. Koku ni mimi, na jina langu ndilo liko kwenye makopo: Senene za Mama Koku.

Video zote nilimrekodi mimi. Nilimwambia aanze na bei, kwa sababu watu mtandaoni hawana subira. Alikataa. Kila video aliianza kama Mhaya anavyojitambulisha ugenini: jina lake, ukoo wake, na muziro wa ukoo, yaani mnyama ambaye watu wa ukoo huo hawamli. Kisha ndipo akafungua kopo na kutafuna mbele ya simu.

Nilidhani watu watacheka. Kumbe ndicho walichokipenda. Wahaya walioko Dodoma na Arusha waliandika chini ya video, "Shikamoo shangazi," na wengine, "Mama umenirudisha nyumbani." Oda zikawa nyingi kuliko makopo. Mama akaniambia nisimfundishe tena biashara.

Sitaandika hapa ukoo wake ni upi. Utaelewa sasa hivi.

Jumatatu nilipokuwa shuleni Buswelu, kijana mmoja alimpigia Mama simu. Mama si mtu wa kudanganyika kirahisi. Waliowahi kumpigia wakijifanya watu wa benki aliwatukana kwa lugha mbili na kukata simu. Lakini huyu alimsalimia kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, kwa adabu, na kila baada ya maneno machache akaweka "waitu", neno letu la heshima. Akasema wao ni ukoo mmoja, kwa hiyo Mama ni shangazi yake. Akasema anafanya kazi ya matangazo Dar es Salaam na anaona aibu shangazi yake kuhangaika peke yake. Angeuinua ukurasa ufike mbali, bila malipo.

Mama akampima. Alimuuliza muziro wake.

Akajibu sawasawa.

Basi. Kwetu mtu akishajibu hapo haulizwi zaidi. Kuendelea kumhoji ni kumwambia kwamba mama yake alimzaa nje. Kijana akaomba tarakimu zitakazoingia kwenye simu ya Mama, Mama akamsomea moja moja, na akamwambia amsalimie mkewe.

Nilipofika nyumbani jioni, ukurasa ulikuwa umetufungia nje. Mwalimu wetu wa kompyuta alishatuambia kwamba tarakimu zile ni ufunguo wa mlango, haziachiwi hata ndugu. Nilimwambia Mama maneno hayo. Akanijibu kwamba mwalimu huyo si Mhaya.

Ndipo nikamuonyesha video yake mwenyewe. Nikairudisha mwanzo. Akajisikia akitaja ukoo na muziro, kwa tabasamu, mbele ya nchi nzima. Aliangalia mara moja tu, akageuza simu kifudifudi mezani.

Mwizi hakufuta kitu. Aliziacha video zote, uso wa Mama, sauti ya Mama, na juu yake akaweka tangazo: senene kwa ndoo, nusu bei, lipa kwanza kwa namba mpya. Tena alililipia tangazo lile, likasambaa Mwanza nzima. Katika hilo alisema kweli, ukurasa aliuinua. Tulikwenda polisi, tukaandikisha. Nikaweka onyo kwenye ukurasa wangu binafsi, lakini ninaojuana nao ni wanafunzi wenzangu, na wao hawanunui senene kwa ndoo.

Leo asubuhi Mama alikuwa anakaanga. Nilikuwa nafunga makopo. Gari dogo likasimama kwenye matope, wakashuka wanaume watatu na mwanamke mmoja aliyevaa kitenge kizuri, kama mtu aliyetoka kwenye shughuli.

Nikasimama nikasema, "Shikamooni."

"Marahaba," akajibu mkubwa wao. Mkononi alishika fimbo ya kuchungia ng'ombe.

Nimelifikiria jibu hilo siku nzima. Aliitikia salamu yangu kwanza, kisha ndiyo akampiga mama yangu.

Sasa namjua jina, ni mzee Masanja, wa Usagara. Jana alikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa. Bwana harusi ni Mhaya, na mzee alitaka kuwaheshimu wakwe kwa kuwawekea senene mezani. Alilipa. Mzigo haukufika. Wakwe walikaa mbele ya sahani tupu zilizotangazwa kwenye kipaza sauti, na mtu mmoja upande wa bwana harusi akacheka. Haya aliyasema huku akipiga. Kila neno na fimbo yake.

Mama aliinua mkono kukinga uso. Nikasikia mfupa. Pigo lililofuata lilipasua juu ya jicho, damu ikamwagika kwenye sufuria ikachemka pamoja na mafuta. Mwanamke wa kitenge akaiangusha rafu ya makopo, akawa anayakanyaga kwa visigino huku akilia, "Umemvua nguo mwanangu, wewe mama, umemvua nguo mbele ya watu."

Mama alisema si yeye. Alisema ameibiwa ukurasa. Mzee Masanja akatoa simu yake akamuonyesha video. "Huyu ni nani? Hii sauti ya nani?"

Ilikuwa sauti yake.

Fundi Bwire, anayechomelea mageti jirani, alikuja kuwatenganisha, wakamsukuma akaangukia vyuma vyake. Kisha mtu barabarani, ambaye hata hakujua kisa, akapaza neno lile. Mwizi.

Sikujua watu wanaweza kujaa haraka hivyo kwenye mvua. Wengine nawajua. Yupo anayetuuzia nyanya. Walimvuta Mama kutoka kibandani kwa nguo, akalala kwenye matope, na kila aliyepita alikuwa na mguu wa kumpiga. Nilimlalia juu, nikapigwa mbavuni, nikavutwa kwa nywele nikatupwa pembeni. Nikamuona kijana wa bodaboda anakinga petroli kutoka kwenye tangi lake kwa chupa ya maji. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatazama chupa isifurike, kama mtu anayepima mafuta ya taa dukani. Mwingine alikuwa anavingirisha tairi.

Halafu likanijia jambo moja tu: mwizi bado anafanya kazi. Mchana kutwa huwa anajibu wateja.

Nilimrukia mzee Masanja nikamng'ata mkono ulioshika simu, na sikuachia mpaka simu ikaanguka. Nikaiokota, nikapanda juu ya ndoo. Nakumbuka nilivyosema kwa sababu sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Muandikieni sasa hivi. Muandikieni Mama Koku. Mikono yake hii hapa."

Kijana wa chupa akasema, "Huyu mtoto kachanganyikiwa."

"Shikeni mikono yake," nikasema. "Shikeni yote miwili, mimi natuma."

Fundi Bwire ndiye aliyeelewa kwanza. Akapiga magoti kwenye matope, akaishika mikono ya Mama, ule mzima na ule uliovunjika, akaiinua juu watu waione. Mama alilia kwa maumivu, lakini hakuivuta. Mimi nikaandika kwenye ukurasa: Mama Koku, senene zipo? Nataka ndoo mbili.

Tukangoja. Mvua ilikuwa inapiga bati. Sijawahi kumuomba Mungu kwamba mwizi awe hodari wa kazi yake, lakini leo niliomba.

Simu ikalia mkononi mwangu. Nilisoma kwa sauti.

"Karibu sana mteja wangu mpendwa. Mzigo upo wa moto, ndio natoa jikoni. Tuma hela nikuwekee."

Watu waliitazama mikono ya Mama, ikiwa juu, ina damu na matope, bado imeshikwa na Bwire. Mzee Masanja akanipokonya simu akasoma mwenyewe. Akasoma tena. Yule wa bodaboda akafunga chupa yake kwa kizibo na kuiweka chini ya kiti. Umati ukapungua bila mtu kuaga wala kuomba radhi. Muuza nyanya alinikwepa macho.

Mzee Masanja akainama. "Mama," akasema, "niliisikia sauti yako. Ulitaja ukoo wako. Nikasema anayetaja ukoo wake hawezi kuniibia."

Mama, kwa mdomo uliovimba, akamwambia, "Na mimi vilevile, baba."

Alimpeleka hospitali kwa gari lake. Muuguzi alipodai fomu ya polisi, mzee alikwenda kituoni mwenyewe na kutaja jina lake, kwamba aliyempiga ni yeye. Hajarudi mpaka sasa naandika. Mkewe alibaki nasi. Mama alipokuwa anashonwa juu ya jicho nilishindwa kutazama, na ni mwanamke yule yule mwenye mafuta ya senene kwenye visigino aliyemshika mkono. Sijui nimchukie au nimshukuru. Nimefanya yote mawili kwa zamu.

Sasa lile nililoliahidi mwanzoni.

Kwenye benchi la hospitali nilimuwaza yule kijana wa Dar, kama kweli yuko Dar. Niliwaza sauti yake ya adabu. Nikalichukua tairi lile lile nikamvisha, nikaichukua ile chupa, na sikuona huruma. Moto niliuwasha mimi mwenyewe. Petroli iliyoandaliwa kwa mama yangu niliitamani kwa mtoto wa mwanamke mwingine, na saa moja haijapita.

Naogopa kwamba sina tofauti na yule muuza nyanya.

Jioni hii Mama amekaa kitandani, mkono kwenye plasta. Ameniambia kesho tukitoka kanisani nimrekodi. Ukurasa mpya, uso huo huo na nyuzi zake, watu waone. Anataka kuwaonya kabla mwingine hajalipa. Nikafurahi, kwa sababu nilidhani ameacha biashara, na kumbe bado yumo. Nikamwambia sawa, lakini safari hii asitaje ukoo wala muziro. Jina na namba ya simu tu.

Akaniangalia kwa jicho lake moja lililo wazi.

"Tangu lini ukoo ukawa siri, Koku?"

Nikamwambia tangu Jumatatu.

Hakucheka. Akasema Mama Koku wako wengi, na yule mwizi naye sasa ni Mama Koku. Akitoa jina tupu, wateja watajuaje ni yeye? Akasema bibi yake alitembea kutoka Bukoba mpaka Karagwe akilala kwenye nyumba za watu asiowajua, na kilichomfungulia milango kilikuwa ni kuutaja ukoo wake. Nikamwambia bibi hakuwa na simu. Akasema labda ataje ukoo, lakini kuanzia sasa hata ndugu wa tumbo moja hatapewa tarakimu. Nikamuuliza ataweza kumnyima mtu anayemwita shangazi? Amejifanya amelala.

Nimeshachaji simu na kufuta matope kwenye kioo. Makopo yaliyosalimika nimeyapanga dirishani, hayakukanyagwa yote.

Wewe uliyewahi kununua kwetu, au uliyetaka kununua, niandikie usiku huu kabla hatujaenda kanisani, kwa sababu video nikishaituma sitaweza kuirudisha: kesho mwanamke mwenye nyuzi juu ya jicho akikutokea kwenye simu yako bila kukuambia ametoka ukoo gani, utamwamini?